Fahari ya Mama wa Makadara: Utanzu Uliosahauliwa Uani

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Aghalabu methali hii hutajwa mtoto anapopotoka: akitoroka shule, akimjibu mzee kwa ufidhuli au akikamatwa na askari. Ni nadra kuisikia mtoto anapofaulu. Hata hivyo, anayeitazama kwa jicho la uhakiki ataona kwamba methali yenyewe ni mizani. Katika kitanga kimoja amewekwa mama. Katika kitanga cha pili umewekwa ulimwengu mzima. Hakuna mwalimu, shehe wala mfalme aliyepewa uzito huo na wahenga. Makala haya yanadai kwamba taaluma ya fasihi ya Kiswahili imeushughulikia mno ulimwengu, na mama ikamwacha jikoni. Yanadai pia kwamba fahari ya mama, namna anavyoisema na namna anavyoificha, ni utanzu kamili wa fasihi simulizi, na kwamba utanzu huo unafifia huku vyuo vikuu vikitazama.

Mfano utakaotumika ni wa mtaa wa Makadara, kisiwani Mombasa, katika majira ya vuli. Makadara ni jirani wa Mji wa Kale. Mkazi wake huenda kwa miguu hadi Kuze, Kibokoni, Marikiti au Barabara ya Biashara. Humo huishi watu wa Thenashara Taifa, Wabaluchi, Wahadhrami, Wamijikenda na Wakenya waliotoka bara, nao hukutana katika lugha moja. Oktoba inapoingia, kusi huwa imepungua nguvu na kaskazi haijatulia. Ni wakati wa tangambili ambapo upepo haujaamua uvume kutoka wapi. Mvua za vuli hunyesha kwa vipindi, jua likarudi, nguo zikaanikwa na kuanuliwa mara tatu kwa siku moja. Maembe huanza kuonekana kwa wachuuzi. Juu ya yote hayo, vuli nchini Kenya ni msimu wa mitihani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulifanywa katika majira haya tangu mwaka 1985 hadi ulipofutwa baada ya ule wa 2023, na mtihani wa kidato cha nne hufanywa katika majira haya tangu mwaka 1989. Kwa hiyo, mama wa Makadara huihesabu vuli kwa karatasi za mtihani pamoja na matone ya mvua.

Siku yake huanza usiku wa jana. Unga wa mahamri hukandwa kabla ya kulala, ukatiwa iliki na tui la nazi, ukafunikwa uumuke. Mbaazi hurowekwa. Alfajiri mafuta huwa tayari karaini, na harufu ya iliki ndiyo inayowaamsha watoto kabla ya sauti ya mama. Kisha kuna hesabu ya maji, kwa kuwa bomba la kisiwani halitabiriki: mitungi mingapi imebaki, na hamali wa mkokoteni atapita saa ngapi. Kuna sare ya shule ambayo haikukauka kwa sababu ya mvua, ikabidi ipigwe pasi ikiwa mbichi. Kuna soko, kuna chakula cha mchana, kuna mtoto mdogo wa kupelekwa chuoni kusoma Kurani alasiri, kuna viazi karai vya kuuza mlangoni jioni ili fedha za matumizi zisipungue. Usiku kuna mtoto wa kidato cha nne anayesoma, na mama anayesinzia kitini akimngoja amalize, ingawa yeye mwenyewe hana somo lolote la kufanyiwa mtihani.

Msomaji wa fasihi za kigeni atakumbuka majira yanayokaribiana na haya katika majimbo ya kati ya Marekani, kama vile Ohio, Illinois na Minnesota. Huko, kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, watoto hurejea shuleni, maboga hupangwa milangoni, na mama hupiga picha za wanawe wakirukia rundo la majani makavu. Watafsiri wanapofika hapo hukwama: wengine huandika vuli, wengine demani, wengine majira ya kupukutika kwa majani. Tatizo lao linapita msamiati. Majira ya huko ni ya kuaga, mwaka unapoelekea kwenye baridi na giza. Vuli ya Pwani ni ya kupokea: mvua, maembe, upepo mpya, matokeo yanayongojewa. Mama wa Ohio na mama wa Makadara hushiriki jambo moja tu lisilohitaji tafsiri, nalo ni kwamba kila mmoja anajivunia watoto wake. Mahali wanapoachana ni katika lugha ya kujivuna huko.

Mama wa Makadara hana ruhusa ya kumsifu mwanawe waziwazi. Methali mbili zimemziba kinywa. Ya kwanza ni kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kunadi mali yake huitilia shaka mwenyewe. Ya pili ni kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtoto akisifiwa mbele ya watu ataregea. Zaidi ya methali kuna hofu ya kijicho, kwa kuwa sifa isiyokingwa kwa jina la Mungu huaminiwa kuwa inaweza kumdhuru anayesifiwa. Mama amejaa fahari, na jamii imemwamuru aifiche. Hapo ndipo sanaa inapozaliwa.

Asikilizwe mama huyo akizungumza na jirani yake uani, wakati nguo zinapoanikwa kwa mara ya pili: “Huyu mwana ataniua kwa stima, bibi wee. Usiku kucha yuwasoma, taa haizimwi. Tokeni za juma zima zaisha kwa siku tatu! Namwambia babangu, lala, mato yataumia, hasikii.” Kwa asiyejua, haya ni malalamiko juu ya gharama ya umeme. Kwa jirani, hii ni taarifa kamili: kijana ana bidii, ana adabu ya kukaa nyumbani, hazururi maskanini, na mama yake ni mtu wa kumlipia taa. Jirani naye hujua wajibu wake. Hawezi kujibu kwamba umeme umepanda bei. Atasema, “Mashaallah, Mungu amkuze, huyo atakufaa,” kisha atalalamika kidogo juu ya binti yake ambaye hatoki jikoni kwa kupenda kupika. Kila mmoja amemsifu mwanawe, na hakuna aliyejisifu.

Mazungumzo hayo yana kila sifa ya utanzu. Yana fanani na hadhira, na hadhira ina jibu inalotarajiwa kulitoa. Yana mahali pake, yaani uani, ngazini au foleni ya maji, na wakati wake, hasa msimu wa mitihani na msimu wa harusi. Yana mbinu yake kuu, ambayo ni kinaya: lawama husemwa ili sifa isikike. Yana mipaka yake pia, kwani mama anayezidisha malalamiko huambiwa kwamba anajigamba, na anayelalamika juu ya mtoto ambaye kweli ni mtukutu hubadilisha sauti, macho na mikono ili ieleweke kwamba safari hii hafanyi mchezo. Kuyajua haya yote ni umahiri, na umahiri huo hufunzwa msichana kwa kusikiliza tangu utotoni.

Pamoja na hayo, orodha za tanzu zinazofundishwa nchini hazina nafasi yake. Mwanafunzi hufunzwa majigambo, au vivugo, ambamo mtu hujisifu kwa ushujaa, na mifano inayotolewa aghalabu ni ya wanaume waliotoka vitani au mawindoni. Hufunzwa mawaidha, malumbano ya utani, ulumbi na soga. Mazungumzo ya uani, yakikumbukwa, hutupwa katika kapu la soga, kana kwamba ni maneno ya kupitisha wakati tu. Lakini soga haina lengo la kulinda heshima ya mtoto, wala haimpi msikilizaji wajibu wa kumwombea dua. Ikiwa mwanamume anayejisifu kwa sauti ya juu ana utanzu wenye jina, ni haki gani inayomnyima jina mwanamke anayefanya kazi hiyohiyo kwa hila kubwa zaidi?

Ulinganisho na leso unaweza kulifafanua jambo hili. Maandishi ya leso yamewavuta watafiti wengi, na ni sawa, kwa kuwa Mombasa ina historia ndefu katika biashara hiyo. Leso zenye alama ya Mali ya Abdulla, za duka la Kaderdina Hajee Essak, zinajulikana kote Afrika Mashariki. Mtafiti huvutiwa na kijembe: mwanamke huvaa maneno ambayo yanaonekana kuwa hekima ya watu wote, kumbe yamemlenga jirani mmoja. Kijembe ni tusi lililovikwa hekima. Fahari ya mama ni sifa iliyovikwa lawama. Hila ni ileile, ila moja huchoma na nyingine huponya. Inasikitisha kwamba elimu imeona haraka zaidi ile inayochoma.

Fahari hiyo haikomi katika maneno. Mama humwita mwanawe wa kiume “baba” na binti yake “mama”, hasa wanapobeba majina ya wazazi wake. Kwa neno moja mtoto hupandishwa daraja na kufungwa kwa wajibu: anayeitwa baba hawezi kuvunja chombo na kukimbia. Matokeo mazuri yanapotangazwa, mama hapigi tarumbeta. Hukaanga kaimati, akazitia sahanini, akazifunika na kumtuma mtoto mwenyewe nyumba kwa nyumba. Sahani ndiyo tangazo. Nayo hairudi tupu. Hurudi na maembe, sukari au dua. Mwanafunzi wa semiotiki anayetafuta ishara katika riwaya za mbali angeweza kuanza na sahani hiyo.

Isidhaniwe kwamba sauti ya mama haijawahi kusikika katika fasihi ya Kiswahili. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi ambao hadi leo hauepukiki katika silabasi. Lakini utendi ule ni wosia. Ni mama anayeusia akiwa mgonjwa. Si mama anayefua. Kwa upande wa Mombasa, kazi kubwa za mwanzo za kukusanya fasihi zilipita mikononi mwa wanaume. W. E. Taylor alichapisha mkusanyiko wake wa methali mwaka 1891, na tungo za Muyaka bin Haji zilimfikia kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Waliohifadhi walihifadhi walichokisikia, na uani hawakuingia.

Dalili kwamba kazi inawezekana ipo. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwaketisha wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wakawarekodi wakisimulia maisha yao. Simulizi hizo zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991 chini ya jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Humo harusi, ngoma, kazi, talaka na malezi vinasemwa na wenyewe. Mtu anaweza kujiuliza ni wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza wanaopewa kitabu hicho kama matini ya fasihi badala ya kukiacha katika rafu ya historia.

Liko jambo zito zaidi, nalo ndilo linalofanya suala hili lisiwe la kupanga orodha za tanzu tu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Uamuzi huo uliipa Afrika Mashariki lugha moja ya vitabu, na faida yake haikanushiki. Lakini ulifanyika katika mji ambao kina mama wake walisema, na wa makamo wangali wakisema, ndoo badala ya njoo, mtele badala ya mchele, ndia badala ya njia, mato badala ya macho. Kimvita kilichokuwa na washairi wake tangu kabla ya mkutano huo kikawa, ndani ya darasa, orodha ya makosa.

Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kila vuli kumekuwa na mtoto wa Makadara anayeandika insha. Amefunzwa kuyakata maneno ya nyumbani kabla hayajafika kwenye karatasi. Akirudi, humsahihisha mama yake mbele ya wageni, na mama hucheka, tena hucheka kwa fahari: mwanawe amesoma. Alama ya juu ya Kiswahili inapokuja, kaimati hukaangwa. Hapo pana uchungu ambao wengi hawauoni. Mama anajivunia alama ambazo mtoto alizipata kwa kuyaacha maneno ya mama. Fahari yake ni ya kweli, na amelipia kwa ulimi wake.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kumkweza mama kwa namna hii ni kumrudisha jikoni, ilhali wanawake wa Mombasa ni mawakili, wauguzi, wahandisi na wafanyabiashara. Pingamizi hili lina uzito. Kazi ya nyumbani isiyolipwa haigeuki kuwa haki kwa kuitwa sanaa, na fahari inaweza kuwa mzigo kwa mtoto ambaye alama zake hazikutosha kaimati. Mtafiti asiyeyaona hayo ataandika sifa tupu. Lakini kuichunguza lugha ya mahali fulani si kumfungia mtu mahali hapo. Wakili wa Mombasa anayerudi nyumbani jioni hulalamika juu ya mwanawe kwa kinaya kilekile alichokisikia kwa mama yake. Aidha, kupuuza lugha hiyo hakujampunguzia mama hata mtungi mmoja wa maji. Kumemfanya tu afanye kazi mbili, ya mikono na ya ulimi, na zote mbili zisihesabiwe.

Wengine watasema kwamba lugha hubadilika na hakuna haja ya kuomboleza. Ni kweli kwamba hubadilika. Leo mama wa Makadara ana simu, na picha ya mwanawe akiwa na cheti huwekwa kwenye WhatsApp ikiwa na maneno machache ya Kiingereza yanayosema moja kwa moja kwamba yeye ni mama mwenye fahari. Dada yake aliyehamia Minneapolis au Columbus, miji yenye jamii kubwa za watu wa Afrika Mashariki, hutuma picha ya watoto wake wakicheza kwenye majani yaliyopukutika. Picha hizo mbili hukutana kwenye kioo kimoja, na mapenzi yaliyomo hayana dosari. Lakini mtindo mpya haumhitaji jirani. Kinaya kinahitaji mtu anayekielewa. Sifa ya wazi inahitaji kidole tu cha kuigusa alama ya moyo. Kinachopungua ni ule wajibu wa jirani wa kumwombea mtoto asiyekuwa wake. Binti anayekulia Columbus anaweza kujifunza Kiswahili sanifu kutoka vitabuni. Hila ya kumsifu mtu kwa kumlalamikia hataipata katika kitabu chochote, kwa sababu hakuna aliyekiandika.

Hatua zinazohitajika si za gharama kubwa. Kwanza, idara za Kiswahili zinaweza kuwataka wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wanaofanya utafiti wa nyanjani wasikimbilie harusi na matambiko pekee. Siku moja ya kawaida, tangu kukandwa kwa unga hadi kuzimwa kwa taa, ina matini ya kutosha tasnifu. Pili, mtafiti aombe idhini ya mama, amsomee alichokiandika kabla ya kukiwasilisha, na amwachie yeye kuamua kama jina lake litajwe au lisitajwe. Uani si jumba la makumbusho, na hofu ya kijicho iheshimiwe hata na asiyeiamini. Tatu, walimu wa insha watenganishe masimulizi na usemi wa wahusika. Mwanafunzi anayemwandika bibi wa Makadara akisema njoo ameandika sanifu, lakini amemwandika bibi wa uongo. Nne, majarida ya vyama vya Kiswahili kama hili yatenge nafasi ya kuchapisha rekodi hizo katika lahaja zake, pamoja na maelezo ya t ya meno na t ya ufizi, na ya paa wa mwituni na paa la nyumba, tofauti ambazo sikio la mama huzitenga na tahajia ya shule imezisahau.

Tangu UNESCO ilipoitenga, mwaka 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba nyingi zimetolewa kuhusu ukuaji wa lugha hii katika mabara yote. Hotuba hizo zinafaa. Lakini Julai ni mwezi wa kipupwe, na vuli iko mbele. Mitihani itakapokaribia, mvua itakaponyesha na nguo kuanuliwa, kina mama wa Makadara watalalamika tena juu ya watoto wao. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayepita hapo na kusikia malalamiko tu atakuwa hajafuzu. Achukue daftari, abishe hodi, na akikaribishwa aketi.